SOMO LA MWEZI: KUMKABIDHI KAZI MWANAFUNZI AJAYE

Masomo ya kusoma kwanza: Hesabu 27:12–23, 2 Wafalme 2:1–15, Matendo 18:24–28, 2 Timotheo 4:9–18.



Kila mwaka katika parishi zetu wako vijana wa shule na vyuo wanaotoa muda wao bure ili kulitumikia Kanisa. Wengine wamemaliza mtihani wa Kidato cha Sita mwezi wa Mei na wanangoja kwenda chuoni. Wengine wako likizoni. Hufundisha Shule ya Jumapili, husaidia darasa la watu wazima wanaojifunza kusoma, huongoza kwaya ya watoto, au huwafundisha hesabu jioni watoto wa darasa la saba. Twamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini vijana hawa hawakai. Baada ya miezi mitatu au minne mmoja huondoka, na mwingine huja mahali pake. Somo letu la mwezi huu lahusu siku zile chache zilizo kati ya kuondoka kwa huyu na kufika kwa yule.

Tumelichagua jambo hili kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi hufa, wala si kwa ubaya wa mtu. Kijana huaga Jumapili baada ya ibada, watu humpigia makofi, akina mama humpa kuku, na Jumatatu alfajiri hupanda basi. Mwenzake akifika hakuti kitu ila ubao na vipande vya chaki. Hajui watoto wamefika wapi katika mafundisho. Hajui nani anatunza ufunguo wa kabati. Hajui kwamba yule mama mzee wa benchi la nyuma ameshapita irabu, na sasa anaunganisha silabi. Basi anaanza tena a, e, i, o, u. Yule mama huvumilia mara ya kwanza, na mara ya pili. Akija mwalimu wa tatu na kuanza tena hapo hapo, mama haji tena darasani, wala hasemi kwa nini. Mtu mzima aliyekubali kukaa benchi moja na watu wa umri wa wajukuu wake alikuwa ameshinda aibu kubwa. Tukimpoteza kwa sababu ya kutokabidhiana, si rahisi kumpata mara ya pili.

Tuone basi Maandiko yanatufundisha nini, kisha tuangalie namna ya kufanya katika parishi zetu.

1. MUSA NA YOSHUA: KUKABIDHI MBELE YA WATU

Musa alipoambiwa kwamba hataingia katika nchi ya ahadi, hakuanza kwa kujililia. Alimwomba Mungu aweke mtu juu ya mkutano, ili watu wasiwe kama kondoo wasio na mchungaji. Angalieni yaliyofuata. Kwanza, Yoshua alisimamishwa mbele ya Eleazari kuhani na mbele ya mkutano wote, na Musa akaweka mikono juu yake huku watu wakiona. Pili, Mungu alimwagiza Musa ampe Yoshua sehemu ya heshima yake mwenyewe, ili watu wapate kumtii. Tatu, Yoshua hakuachwa peke yake; aliagizwa asimame mbele ya kuhani kwa mashauri.

Haya matatu yanatufaa sana. Mwanafunzi mgeni akijitambulisha mwenyewe ni mgeni tu. Lakini yule anayeondoka akisimama naye mbele ya watoto na wazazi wao, akasema, “Huyu ndiye ndugu yenu sasa, msikilizeni kama mlivyonisikiliza mimi,” amempa sehemu ya heshima yake. Heshima hiyo haiwezi kuandikwa katika barua. Hutolewa kwa mdomo, watu wakiwapo. Tena kijana asikabidhiane na kijana mwenzake faraghani tu. Awepo kasisi au katekista, maana hao ndio watakaobaki.

Tukiendelea na habari za Yoshua twapata onyo pia. Musa alimwandaa Yoshua, lakini hatusomi kwamba Yoshua alimwandaa mtu wa kumfuata. Katika Waamuzi 2:10 twaambiwa kwamba baada ya watu wa wakati wake kufa kikainuka kizazi kisichomjua Bwana wala matendo yake. Kukabidhi vizuri mara moja hakutoshi. Kila anayepokea ajue ya kuwa naye atakabidhi.

2. ELIYA NA ELISHA: KUJIFUNZA KABLA YA KUSHIKA

Wengi twakumbuka lile vazi la Eliya lililoanguka, Elisha akaliokota na kuyapiga maji ya Yordani. Lakini kati ya siku alipoitwa akilima kwa ng’ombe na siku alipolishika vazi kulikuwa na wakati ambao hatuuzungumzii sana. Katika 2 Wafalme 3:11 mtumishi wa mfalme, alipoulizwa kama yuko nabii, alimtaja Elisha kuwa ndiye aliyekuwa akimmiminia Eliya maji mikononi. Hiyo ndiyo sifa aliyojulikana nayo: mtu wa kumnawisha mkubwa wake. Hapo ndipo alipojifunza jinsi Eliya alivyosema na watu na alivyoomba.

Kwa hiyo yafaa, kila inapowezekana, vijana wawili wakae pamoja angalau juma moja. Yule mpya asifundishe bado. Abebe vitabu, apange mabenchi, ajifunze majina, asikilize. Afuatane na mwenzake kwenda kuwasalimu wazee: kasisi, katekista, wazee wa kanisa, mwenyekiti wa kijiji, na yule bibi anayewapikia watoto uji. Katika vijiji vyetu kijana aliyepita mlangoni mwa mzee bila kutoa shikamoo atahitaji siku nyingi kulisahihisha jambo hilo, na wenyeji hawatamwambia kosa lake.

3. APOLO: MSOMI ALIYEKUBALI KUELEKEZWA

Habari za Apolo katika Matendo 18 zawahusu wanafunzi hasa. Alikuwa mtu wa Iskanderia, mwenye elimu na ufasaha, hodari katika Maandiko. Lakini alijua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila, ambao kazi yao ilikuwa kushona hema, walimsikia akinena katika sinagogi la Efeso. Hawakumbishia mbele za watu. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Naye msomi yule alikubali kufundishwa na mafundi. Kisha alipotaka kwenda Akaya, ndugu waliwaandikia wanafunzi wa huko wampokee. Kwa hiyo hata katika Kanisa la kwanza mtumishi kijana alitangulizwa kwa barua.

Lakini tusiishie hapo. Apolo alipofika Korintho alisaidia sana, na baadaye tunasoma ya kuwa Wakorintho waligawanyika: hawa wakasema wao ni wa Paulo, wale wakasema wao ni wa Apolo (1 Wakorintho 1:12). Paulo akawajibu kwamba yeye alipanda, Apolo akatia maji, na mwenye kukuza ni Mungu (3:6). Je, si jambo hili hili tunalolisikia? “Yule wa mwaka jana alikuwa akitupa peremende.” “Yule alijua gitaa. Huyu hajui kitu.” Anayeondoka anaweza kuizuia hali hii mapema kwa kutojijengea jina, na kwa kutowazoesha watoto vitu ambavyo mwenzake hataweza kuvitoa. Wazazi nao wasimpime mgeni kwa kipimo cha aliyetangulia.

4. BARUA YA PAULO: MAMBO MAKUU NA MAMBO MADOGO

Waraka wa pili kwa Timotheo ni kama daftari la kukabidhi kazi. Katika 2:2 Paulo anamwagiza Timotheo awakabidhi watu waaminifu aliyoyasikia, nao waweze kuwafundisha wengine. Hesabuni vizazi vilivyomo katika aya hiyo moja: Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na wengine. Ni vinne.

Kisha katika sura ya 4, mtume aliyekuwa karibu na kufa anaandika juu ya joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na juu ya vitabu vyake, hasa vile vya ngozi. Anaeleza nani yuko wapi: Dema amekwenda zake, Luka yupo, Marko aletwe kwa kuwa anafaa. Hakuona aibu kuchanganya habari za taji ya haki na habari za joho. Kwa hiyo kijana asidhani kuwa kuandika mahali ulipo ufunguo wa kabati ni jambo lisilo la kiroho.

Zaidi ya hayo anamwonya Timotheo juu ya Iskanda mfua shaba. Tuone alivyofanya. Anasema mtu huyu alimtendea mabaya, anaeleza kwamba aliyapinga maneno yao, anamtaka Timotheo ajihadhari, na malipo anamwachia Bwana. Hakuongeza masengenyo. Hapa tunapata kanuni nzuri: mwonye mwenzako juu ya hatari, usimwambukize chuki zako. Kuandika kwamba fedha za mradi wa kuku zisipokelewe bila risiti ni onyo. Kuandika kwamba mzee fulani ni mtu mbaya ni kumfunga mwenzako macho kabla hajamwona mzee huyo. Pengine hao wawili wangepatana.

5. TULIYOYAPOKEA KATIKA KANISA LETU

Kanisa letu lina deni la pekee kwa wanafunzi. Tarehe 4 Desemba 1857 David Livingstone alizungumza na watu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, akawaomba waiendeleze kazi katika Afrika. Kutokana na wito ule ikaanzishwa Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA. Askofu wao wa kwanza, Charles Mackenzie, alifika Magomero, katika nchi ambayo leo ni Malawi, mwaka 1861. Tarehe 31 Januari 1862 alikufa kwa homa, baada ya mtumbwi wao kupinduka na dawa kupotea majini. Aliyemfuata, Askofu Tozer, aliihamishia misheni Unguja mwaka 1864.

Pamoja na Tozer alikuja Edward Steere. Huyu alikaa na wenyeji wa Unguja na kujifunza Kiswahili kwao kwa uangalifu, naye hakukiweka kichwani mwake tu. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha kuwafundisha lugha wageni watakaokuja. Alikuwa askofu tangu 1874 hata alipofariki mwaka 1882, na kitabu chake kikaendelea kusahihishwa na kutumiwa na waliomfuata. Hawakuhitaji kuanza upya. Walianza pale alipoishia.

Lakini kukabidhi kulikozaa zaidi ni kule kulikowafikia wenyeji. Cecil Majaliwa alisoma Kiungani, Unguja, akafanya kazi Chitangali, upande wa kusini wa nchi yetu, na mwaka 1890 akawa kasisi wa kwanza Mwafrika wa UMCA. Hivyo mwanafunzi wa kujitolea asifikirie tu nani atakuja baada yake kutoka mjini. Amtafute mwenyeji mmoja, kijana au mama, amfundishe kazi ile ile, ili siku asipopatikana mwanafunzi watoto wasikose mwalimu.

6. DAFTARI LA KAZI

Wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Twashauri kila parishi inayopokea wanafunzi iwe na daftari moja gumu, likae ofisini kwa kasisi, na kila kijana aandike humo, si siku ya mwisho tu, bali kila juma. Yaandikwe haya:

(a) Siku na saa, kama zilivyo kweli. Kama ratiba yasema Jumatano lakini Jumatano ni siku ya gulio na hapana anayekuja, iandikwe hivyo. Kama wakati wa masika watoto wa ng’ambo ya mto lazima waruhusiwe mapema kabla maji hayajajaa, iandikwe hivyo.

(b) Majina ya wanafunzi na mahali kila mmoja alipofika. Yatosha mstari mmoja kwa kila mtu: huyu anasoma sentensi fupi; huyu anajua kusoma ila haoni vizuri ubaoni, akae mbele; huyu anajiandaa kwa Kipaimara na bado hajajifunza Amri Kumi.

(c) Vitu vilivyopo: vitabu, mpira, ngoma, taa, na nani ana funguo.

(d) Fedha. Kila shilingi iliyoingia, iliyotoka, na iliyobaki. Zihesabiwe watu watatu wakiwapo: anayeondoka, anayekuja, na mtunza hazina wa parishi, wote watie sahihi.

(e) Yaliyojaribiwa yakashindikana, na sababu yake. Hili huokoa miezi mingi.

(f) Ahadi. Tunaomba hili litiliwe mkazo. Kijana mwenye moyo mwema humwambia mtoto, “Nikirudi nitakuletea viatu,” au humwambia mzazi kwamba ataulizia nafasi ya shule. Yeye husahau akifika chuoni. Mtoto hasahau. Hukaa akingoja, na mwishowe husema kwamba watu wa kanisa ni waongo. Basi ahadi zote ziandikwe. Zinazoweza kutimizwa zitimizwe kabla ya kuondoka. Zisizowezekana, aliyeahidi aende mwenyewe akamweleze mtoto, asimwachie mwenzake mzigo huo.

7. YASIYOINGIA DAFTARINI

Daftari husomwa na wengi. Kwa hiyo siri za nyumba za watu, magonjwa yao, na ugomvi wao visiandikwe humo. Paulo anamtaka Timotheo awatendee wazee kama baba na mama, na wasichana kama dada, katika usafi wote (1 Timotheo 5:1–2). Mgeni aambiwe wazi kanuni hizi: asikae na mtoto peke yake ndani ya chumba kilichofungwa, asimwite mtoto chumbani kwake, asimpe zawadi ya siri, asimtumie ujumbe wa simu usiku. Kanuni hizi humlinda mtoto kwanza, na humlinda mwalimu pia.

Liko jambo moja ambalo halipaswi kungoja kukabidhiana hata siku moja. Mtoto akimwambia mwalimu wake kwamba anapigwa kupita kiasi, au anaguzwa vibaya, au anataka kuozwa, kijana asiseme, “Nitamwachia anayekuja.” Pengine mtoto yule amemchagua yeye baada ya kumwangalia kwa miezi mitatu, na hatasema tena na mgeni. Ampelekee habari kasisi siku hiyo hiyo, wapelekewe ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji, afisa wa ustawi wa jamii, au dawati la jinsia na watoto la polisi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayeona mtoto anadhulumiwa atoe taarifa, na simu namba 116 hupokea habari za watoto bila malipo. Kama anayetajwa ni mtumishi wa kanisa, asipitishiwe yeye habari hiyo, wala jambo lisifichwe kwa kisingizio cha kulinda jina la Kanisa. Bwana wetu aliweka mtoto katikati ya wanafunzi wake. Sisi hatuna ruhusa ya kumwondoa hapo.

8. KWA ANAYEPOKEA, NA KWA PARISHI

Ewe kijana unayekuja, usibadilishe kitu katika juma la kwanza na la pili. Soma daftari lote. Uliza kwa nini jambo hufanywa hivi kabla ya kusema lifanywe vile. Usimseme vibaya aliyekutangulia, hata ukikuta makosa. Nawe utafuatwa na mwingine.

Nawe unayeondoka, ukishakabidhi, ondoka kweli. Yohana Mbatizaji alisema ilimpasa Kristo azidi na yeye apungue (Yohana 3:30). Usiendelee kutawala darasa kwa simu. Ukiulizwa, jibu, usipoulizwa, omba.

Nasi tulio wenyeji tusidhani kazi hii ni ya vijana tu. Wao ni wapitaji. Sisi ndio wenye watoto na darasa, na daftari ni letu. Kama kazi hufa kila mwanafunzi anapoondoka, yatupasa kuuliza kama tulikuwa tumeipokea kuwa yetu, au tulimwachia mgeni. Baraza la parishi liweke siku moja katika mwaka kulisoma daftari hilo na kuuliza: je, yule mama wa benchi la nyuma amefika wapi?

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Someni tena Hesabu 27:18–20. Katika parishi yetu, mtumishi mpya hutambulishwaje? Ni nini kinachopungua?

2. Kwa nini Prisila na Akila walimchukua Apolo kando? Sisi huwarekebisha vijana wetu kwa njia gani?

3. Tajeni kazi moja ya kanisa iliyokufa mahali petu baada ya mtu mmoja kuondoka. Ni nani angeweza kuipokea?

4. Je, ziko ahadi walizopewa watoto wetu ambazo bado hazijatimizwa? Nani atakwenda kuwaeleza?

5. Mtoto wa parishi yetu akiwa na neno zito la kusema, anajua amwendee nani?

SALA

Ee Mungu wa vizazi vyote, uliyempa Musa Yoshua, na Paulo Timotheo: twakushukuru kwa vijana wanaotutumikia. Wape wanaoondoka moyo wa kuachia bila kinyongo, na wanaokuja moyo wa kujifunza bila kiburi. Uwalinde watoto wetu na kila madhara, utufanye sisi tunaobaki kuwa watunzaji waaminifu wa kazi yako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.